Mstari Mmoja katika Faili la Mzee wa Mlali

Wa kuwajibika ni wawili. Wa kwanza ni mimi, niliyekuwa daktari bingwa na mwalimu wa famakolojia ya tiba katika hospitali moja ya kufundishia hapa Dodoma. Wa pili ni mwenyekiti wa Kamati ya Dawa na Tiba ya hospitali hiyo, ambaye simtaji jina kwa kuwa cheo kinatosha, na mwenyewe anajijua. Mimi nilitamka maneno yaliyoingia mahali yasipostahili kuwapo. Yeye alielezwa kwamba maneno hayo si ya kweli, akayatumia, na ushahidi ulipoifikia Kamati yake hakuyaacha. Namwomba msomaji asiyachanganye makosa haya mawili, maana katika ofisi zetu makosa huwa na desturi ya kukorogwa pamoja mpaka kila mtu awe na lake kidogo na asiwepo wa kuulizwa.

Fani yangu wengi hawaijui. Nilipostaafu, jirani yangu wa Chang'ombe mwenye duka la nafaka aliniuliza kama nilikuwa mfamasia. Nikamwambia hapana. Akauliza kama nilikuwa daktari wa upasuaji. Nikamwambia hapana.

"Sasa mzee, miaka yote hiyo ulikuwa unafanya nini huko?"

"Nilikuwa nazishuku dawa," nikamjibu.

Alicheka akaendelea kupima mahindi, lakini sikuwa nimemtania. Ndiyo kazi yenyewe. Daktari mwingine akiletewa mgonjwa mwenye shida mpya, huuliza ni ugonjwa gani umeingia. Mimi niliwafundisha wanafunzi waanze na swali jingine, lisilopendwa: je, si sisi wenyewe tuliomletea shida hii, kwa dawa tuliyompa? Na jibu la swali hilo halikuruhusiwa kuwa maneno matupu. Kila tuhuma dhidi ya dawa ilipaswa kuandikwa kwenye fomu ya manjano, ichunguzwe, kisha ipewe daraja moja kati ya manne: hakika, yaelekea, yawezekana, haielekei. Nimeishi na maneno hayo manne kwa muda mrefu kiasi kwamba marehemu mke wangu alikuwa akiniambia, "Na mimi unanipenda kwa daraja gani?" Nilimjibu kwamba yaelekea. Hakunisemesha hadi chakula cha mchana.

Nilikuwa pia mtu wa nakala. Kila fomu niliyoituma niliinakili kwa mkono katika kaunta buku, pamoja na siku, jina la aliyeipokea na saa aliyoipokea. Wenzangu walinicheka, hasa baada ya hospitali kuingiza mfumo wa kompyuta ambamo kila mgonjwa ana faili lake na kila daktari ana nenosiri lake. Waliniambia karatasi imekwisha muda wake. Sikubishana nao. Niliendelea kuandika.

Sasa nimweleze mgonjwa.

Alikuwa mkulima wa mtama na karanga kutoka Mlali, wilaya ya Kongwa, Mgogo, mwenye umri unaonizidi kwa miaka kadhaa. Alikuwa mzee wa kanisa. Jumapili ndiye aliyesoma somo la kwanza, na vijana waliotayarishwa kwa kipaimara walipitia mikononi mwake. Alipata kifafa ukubwani, baada ya kuanguka kutoka juu ya paa alilokuwa akiliezeka. Kwetu watu bado hukinong'ona kifafa kama aibu ya ukoo. Yeye hakunong'ona. Alisimama kanisani akaueleza ugonjwa wake, akataja hospitali anakotibiwa, akaonyesha na vidonge. Kwa muda mrefu hakuanguka tena. Alikuja kliniki yangu kila baada ya miezi mitatu, mkewe akiwa pembeni, na bahasha yake ya dawa imekunjwa vizuri mfukoni mwa shati.

Mimi ni Mhehe. Asiyejua mambo ya nyanda hizi aelewe kwamba Mhehe na Mgogo ni watani tangu mababu waliopigana vita wakachoka. Mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele ya watu, kuchukua kitu chako, kukucheka msibani. Nawe ukikasirika, wewe ndiwe mkosa adabu. Wahehe husingiziwa kula mbwa, Wagogo kuombaomba. Kwa hiyo kliniki ya siku aliyokuja yeye haikuwa kliniki kama nyingine. Alianza tangu mlangoni kwa salamu ya kwetu, nami nikamjibu kwa ya kwao.

"Kamwene, Mhehe! Mbona kumetulia hivi? Mbwa wa hospitali umewamaliza?"

"Mbukwa, Mgogo. Umekuja kutibiwa au umekuja kuomba?"

"Nimekuja kuangalia mateka wetu anaendeleaje."

Benchi lote la wagonjwa lilicheka. Siku moja aliondoka na kalamu yangu nzuri, akaniambia kwamba ni kodi. Sikuidai, na nisingeweza kuidai. Nakiri kwamba niliipenda siku yake kuliko siku nyingine za kliniki. Katika jengo ambamo kila mtu aliniita Profesa na kuniinamia, yeye pekee aliniita mla mbwa.

Siku ninayoizungumzia aliingia akipepesuka. Mkewe alimshika kiwiko. Alipofika kwenye meza alishika ukingo wake, akaketi kwa kukitafuta kiti kwa mkono, na alipofungua kinywa ulimi ulikuwa mzito. Ilikuwa saa tatu asubuhi.

"Kamwene, Mhehe," akasema polepole. "Leo dunia yenu hii haijatulia."

Kwenye kompyuta alikuwa ameketi daktari kijana aliyekuwa mafunzoni, binti wa kutoka Bukoba, mwepesi wa vidole na mwenye bidii. Mimi nilizoea kuchunguza huku nikitamka dalili kwa sauti, naye anaandika. Ndivyo tulivyofanya kazi kwa wagonjwa wote. Sasa nilimgeukia, na kwa sauti ile ile niliyotumia kutaja joto la mwili na mapigo ya moyo nikasema:

"Andika, daktari. Mzee huyu amekunywa ujimbi tangu alfajiri, na hakumbakizia mtani wake hata kata moja."

Ujimbi ni pombe ya mtama. Mzee alicheka mpaka akakohoa. Mkewe akacheka akijifunika mdomo kwa kanga. "Ningekubakizia," mzee akasema, "lakini nilisikia nyinyi mnakunywa mchuzi tu, wa nyama mnayoijua wenyewe." Tukacheka tena. Nilisikia vidole vya binti vikigonga, sikutilia maanani.

Kisha nikafanya kazi yangu, na naomba ieleweke kwamba niliifanya. Nilimwambia afuate kidole changu kwa macho. Kila kidole kilipofika pembeni, macho yake yalirukaruka kama yanayotafuta kurudi katikati. Nilimnusa pumzi, maana mtani naye hushukiwa: haikuwa na pombe. Nilimuuliza mkewe, naye akaniambia hali ile ilikuwa na wiki mbili, asubuhi na jioni, haipungui. Mlevi hupata nafuu akilala, huyu hakupata. Nikaomba bahasha.

Vidonge havikuwa vile nilivyovizoea. Rangi ni nyeupe ile ile, uzito ulioandikwa ni ule ule, lakini kidonge kilikuwa kinene zaidi na alama yake ni nyingine. Dawa ile ya kifafa ina ukaidi wake, na nimeufundisha kwa miaka: kipimo kikipanda kidogo tu, kiasi kilichomo katika damu huweza kupanda sana. Kiwanda kikibadilika, kidonge kikayeyuka tumboni kwa namna nyingine, mtu aliyekuwa salama jana hupepesuka leo ingawa hajakosea masharti hata mara moja. Niliteremka mwenyewe hadi dirisha la dawa, na mtoa dawa akaniambia, bila wasiwasi wowote, kwamba makopo ya kiwanda kipya yalipitishwa na Kamati mwezi uliotangulia. Nikamuuliza kama madaktari wa kliniki waliarifiwa.

"Mimi sikuarifiwa, Profesa. Niliona makopo tu."

Nilitoa damu ya mzee ili ipelekwe maabara ya mbali yenye uwezo wa kupima dawa ile. Nikampunguzia kipimo. Nikajaza fomu ya manjano na kuandika daraja: yaelekea. Nikainakili katika kaunta buku. Jioni nilifungua mfumo, nikakuta orodha ya wagonjwa wote wa siku ile wakisubiri idhini yangu, nikabonyeza mahali pamoja panapowathibitisha wote. Sikusoma hata faili moja. Kuanzia hapo kila kilichoandikwa kilikuwa kimeandikwa na mimi, kwa jina langu na cheo changu.

Katika faili la mzee, chini ya historia ya mgonjwa, ulikuwapo mstari mmoja: *Anatumia pombe ya kienyeji, hata asubuhi.*

Sikuujua mstari huo kwa karibu wiki tatu. Walioujua kwanza walikuwa watu wa kanisa lake.

Kilichotokea ni hiki. Katika zile wiki mbili za kupepesuka, mzee aliinuka Jumapili kwenda kusoma somo, akayumba njiani, akaangukia benchi la akina mama. Watu wakanong'ona. Baraza la wazee likamwomba akae pembeni kwanza hadi ijulikane ana nini. Naye, kwa kuwa aliiamini hospitali yetu kuliko sisi tulivyostahili, akawaambia: "Nitawaletea barua ya daktari. Barua itasema." Alirudi Dodoma wiki moja baada ya kliniki, akiwa tayari anatembea kwa nafuu. Mimi sikuwepo. Nilikuwa Mtera na wanafunzi, tukiwauliza wavuvi wananunua wapi dawa za malaria na wanazihifadhi vipi kwenye joto lile. Ofisi ya kumbukumbu haikunisubiri. Ilifungua faili, ikatoa barua ya mistari minne kwa Kiingereza, ule wa pombe ukiwemo, ikaigonga muhuri, ikaitia kwenye bahasha na kuifunga kwa gundi.

Mzee hakuifungua. Bahasha iliandikwa jina la mchungaji, na yeye si mtu wa kufungua barua ya mwenziwe. Aliibeba kutoka Dodoma hadi Mlali, ndani ya Biblia, ili isikunjike. Akaikabidhi kwa mikono miwili mbele ya baraza, kisha akaketi na kusubiri isomwe.

Haya alinieleza mkewe. Alikuja peke yake, siku isiyo ya kliniki, akakaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka nilipotoka darasani. Nilipomwona nikachangamka.

"Shemeji! Karibu. Mgogo wetu amekutuma uje kuomba nini?"

"Shikamoo, daktari. Leo sikuja kwa utani."

Alinipa barua. Nikaisoma nikiwa nimesimama. Nikaisoma tena.

"Nani ameandika hivi?" nikauliza.

"Wanasema ni wewe. Mchungaji ametuonyesha jina, hili hapa chini." Akaweka kidole juu ya jina langu. "Daktari, mimi nilikuwepo chumbani. Nilicheka na mimi. Nimemwambia mume wangu, Mhehe alikuwa anatania, yule hawezi. Ameniambia, basi mbona ameandika? Ndiyo nimekuja uniambie, nikamjibu."

Nilimwambia kwamba lilikuwa kosa. Akaniuliza la nani. Nikamwambia nitachunguza. Alinitazama kwa muda, kama mtu anayepima kama gunia limejaa kweli au limetikiswa tu, akasema, "Haya, chunguza," akaondoka.

Nilichunguza. Kwanza nilimshuku binti wa Bukoba, na ninaandika jambo hili ili lijulikane kwamba nilianza kwa kumtafuta mnyonge. Nilimwita nikamuuliza kwa ukali kwa nini aliandika mzaha kwenye faili la mgonjwa. Hakulia wala hakujitetea sana.

"Profesa, ulisema 'andika'. Ulisema kwa sauti ile ile. Kuhusu ile kata ya mtani niliona ni utani, nikaiacha. Lakini pombe ni historia ya mgonjwa, na mgonjwa mwenyewe hakukataa. Alicheka."

"Hukujua kwamba mimi ni Mhehe na yeye Mgogo?"

"Nilijua wewe ni Profesa."

Nikamwomba radhi siku ile ile, na kesho yake nikamwomba tena mbele ya wenzake, kwa kuwa ukali wangu wote walikuwa wameusikia.

Kisha niliiandikia Kamati. Nilikiri kosa langu kwa ukamilifu, nikaeleza utani ni nini kana kwamba wajumbe ni wageni wa nchi hii, nikaomba mambo mawili: mstari ule usahihishwe, na hospitali iandike barua nyingine kwa mchungaji. Nilidhani ni kazi ya siku moja. Nikaitwa kikaoni.

Mwenyekiti wa Kamati alikuwa mwanafunzi wangu. Aliinuka nilipoingia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

"Tumeisoma barua yako. Tumesikitika sana." Akapanga karatasi zake. "Lakini Mwalimu, ni wewe uliyetufundisha kwamba alichoandika daktari siku ile ile kina nguvu kuliko anachokikumbuka baadaye."

"Niliwafundisha hivyo."

"Basi."

"Basi aliyeandika ndiye anayewaambia kwamba amekosea. Liongezeni ungamo langu chini ya mstari."

"Mfumo hauna mahali pa ungamo, Mwalimu."

Katibu alicheka kidogo, akajizuia. Mwenyekiti hakucheka. Akavuta karatasi nyingine, nami nikaitambua kabla hajaigeuza: ilikuwa fomu yangu ya manjano. Neno langu *yaelekea* lilikuwa limekatwa kwa kalamu, na juu yake pameandikwa *haielekei*. Sababu iliyotajwa ilikuwa nusu mstari: mgonjwa ni mtumiaji wa pombe, rejea faili.

Niliivuta karatasi karibu nikaisoma tena. Naamini wote waliokuwemo walidhani ni mshangao wa mzee aliyezidiwa na hoja. Ukweli ni kwamba nilikuwa ninahesabu hatua, kama nilivyozoea. Endapo fomu yangu ingebaki na daraja la *yaelekea*, Kamati ingelazimika kueleza kwa maandishi kwa nini ilibadilisha kidonge chenye ukaidi kama kile bila kuwaarifu madaktari wanaokiandika. Endapo mzee ni mlevi, hakuna cha kueleza. Mstari mmoja wa mzaha ulikuwa unambeba mtu mzito. Kwamba huo ndio uliokuwa msukumo wa mwenyekiti, sijathibitisha. Kwa madaraja yangu mwenyewe naandika: yaelekea.

"Amepunguziwa kipimo na kupepesuka kumekwisha," nikasema. "Pombe haipungui kwa kupunguza kidonge."

"Huenda aliacha pombe, Mwalimu. Aibu ya kanisani nayo ni dawa."

"Damu yake ilipelekwa maabara. Subirini majibu."

"Tutasubiri," akasema kwa upole, na katika muhtasari wa kikao, ninao, pameandikwa kwamba suala limefungwa.

Majibu yalikuja. Naandika haya kwa uangalifu. Karatasi ya majibu ilinifikia mkononi, nikaipokea kwa saini, na kiasi cha dawa katika damu ya mzee kilikuwa juu ya kikomo cha usalama, juu vya kutosha kumyumbisha mtu yeyote, awe mzee wa kanisa au mpiga ngoma. Niliinakili katika kaunta buku. Karatasi yenyewe nilimpelekea katibu wa Kamati, naye aliipokea kwa saini. Nilipofungua faili kwenye mfumo wiki iliyofuata, mahali pa majibu ya maabara palikuwa patupu. Nilifungua tena mwezi uliofuata: patupu. Nilimuuliza katibu. Akasema aliiwasilisha. Niliuliza ofisi ya kumbukumbu. Wakasema haijafika. Kama karatasi ile ilipotea kwa uzembe au iliwekwa mahali ipotee, sijui. Naandika kwamba sijui. Lakini nimefanya kazi katika jengo lile muda wa kutosha kujua ni karatasi za aina gani hupotea pale, na ni zipi zisizopotea kamwe.

Muda wangu wa kustaafu ukafika. Nikaagwa kwa chai na hotuba. Mwenyekiti alisoma hotuba nzuri, akasema nimewafundisha kushuku. Watu wakapiga makofi. Mimi nilipiga pia, kwa kuwa ni adabu.

Mwezi wa kwanza wa kustaafu nilikwenda Mlali, na barua niliyoiandika mwenyewe. Mchungaji alinipokea vizuri sana. Aliisoma yote, akavua miwani, akaikunja barua.

"Profesa, mimi nakuamini. Lakini nina wazee sita na washarika wengi, na nina barua mbili. Ya hospitali ina muhuri. Hii yako haina."

"Nimestaafu. Sina muhuri."

"Ndiyo. Hapo ndipo tatizo lilipo." Aliona haya kuniambia. "Wengine watasema mzee amemtafuta rafiki yake amwandikie. Nyinyi ni watani, kila mtu anajua."

Kwa hiyo ule ule utani uliomtia mzee hatiani ulikuwa sasa unanizuia kuwa shahidi wake.

Nilimkuta mzee nyumbani, uani, akibambua karanga kwenye ungo. Alikuwa anatembea sawasawa. Aliinuka, akavuta kigoda, akakipangusa kwa kiganja, bila kuyumba hata kidogo. Macho yake yalitulia. Kama daktari nilifurahi. Nikamsalimia kwa sauti ya zamani:

"Mbukwa, Mgogo! Mateka wenu amekuja mwenyewe."

"Karibu, daktari," akasema. "Habari za safari?"

Akamwita mkewe alete maji ya kunawa. Nikajaribu tena, nikasema mtani gani huyu anayempa Mhehe karanga badala ya nyama aliyoizoea. Mkewe alitabasamu kwa huruma. Mzee aliendelea kubambua.

"Daktari," akasema baadaye, "mimi na wewe tuongee Kiswahili cha ofisini sasa. Utani wako siku hizi una muhuri."

Sikuwahi kutukanwa hivyo katika miaka yetu yote, na hakunitukana.

Nikamwambia niliyoyafanya: Kamati, fomu, damu, karatasi iliyopotea. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza nikamuuliza anataka nifanye nini, nikiwa tayari kusikia lolote, hata kwamba niondoke.

"Sitaki mtu afukuzwe kazi," akasema. "Wala sitaki pole. Barua ile ilisomwa barazani, mchungaji akitafsiri neno kwa neno, nami nimekaa pale nasikiliza nikidhani inanitetea. Vijana niliowafundisha amri kumi walikuwa wamesimama dirishani. Nataka nyingine, yenye muhuri ule ule. Isomwe hapo hapo. Dirisha lifunguliwe." Akapuliza maganda ya karanga kutoka kwenye ungo. "Na iwe mimi bado hai. Nikishakufa mtanisomea wasifu, na wasifu kila mtu ni mwema."

Tangu siku hiyo nimeiandikia hospitali mara nne. Barua ya kwanza ilijibiwa kwamba imepokelewa. Ya pili, kwamba imepelekwa kunakohusika. Ya tatu na ya nne hazijajibiwa. Nakala zote ninazo, na katika kila moja ipo saini ya aliyeipokea mapokezi. Jumapili somo la kwanza katika kanisa lile linasomwa na mtu mwingine. Mzee huketi benchi la nyuma. Mkewe aliniambia kwamba hulisoma somo lile nyumbani kwa sauti kabla hawajatoka.

Kwa hiyo, mimi niliyetamka maneno yale na kuyathibitisha kwa jina langu bila kuyasoma, nikiwa nimekwisha kukiri kosa hilo kwa maandishi na nikiwa tayari kuadhibiwa kwa ajili yake, ninamtaka mwenyekiti wa Kamati ya Dawa na Tiba afike mbele ya uongozi wa hospitali aeleze ni kwa ushahidi gani alilikata neno *yaelekea* katika fomu yangu, na kwa nini hakulirejesha Kamati yake ilipopokea majibu ya maabara. Ninamtaka katibu wa Kamati aonyeshe karatasi ya majibu hayo aliyoitilia saini, au aeleze kwa maandishi ilikokwenda. Ninaitaka ofisi ya kumbukumbu iandike katika faili la mgonjwa huyo kwamba mstari unaomtaja kuwa mtumiaji wa pombe ni wa uongo, ikinitaja mimi kuwa chanzo chake. Na ninautaka uongozi wa hospitali, ndani ya siku thelathini tangu kupokea maandishi haya, utoe barua ya Kiswahili yenye muhuri kwa mchungaji wa Mlali, na umtume mtumishi mwenye cheo, mwenye jina na mwenye mamlaka, akaisome barua hiyo mbele ya baraza la wazee wa kanisa, mgonjwa akiwepo.